Kabla Hujamwambia Mavyaa Kuwa Anaabudu Miungu Watatu



Msimu wa harusi umeingia. Mafundi wa hina na piko wamejaa kazi, singo inatwangwa, udi unachaguliwa, mikaja na vilemba vinahesabiwa. Ni wakati wa furaha, na hatutaki kumharibia mtu furaha yake. Lakini lipo jambo moja ambalo kila msimu linapita katikati ya shamrashamra hizi bila kusemwa, nasi leo tunalisema.

Mabwana harusi wengi siku hizi si watoto wa mtaa wetu. Wanatoka Bara, wanatoka Kenya na Uganda, wengine Ulaya. Baadhi yao wamezaliwa na kulelewa katika nyumba za Kikristo. Kwa kuwa mwanamke wa Kiislamu haolewi na asiyekuwa Muislamu, bwana huyo husilimu kwanza. Hutamkishwa shahada, huulizwa anataka kuitwa nani, anavalishwa kanzu na kofia, na wiki hiyo hiyo ndoa inasomwa. Alhamdulillah. Lakini mama yake hajasilimu. Dada zake hawajasilimu. Krismasi watapiga simu. Mtoto akizaliwa watauliza lini atabatizwa. Na mtoto huyo akifika miaka sita atarudi kutoka kwa bibi yake na kukuuliza wewe, mama, siyo shekhe: "Bibi anasema Yesu ni Mungu. Kweli?"

Utamjibu nini?

Kwa majibu tunayoyasikia yakizunguka katika shughuli zetu, mtoto huyo atakosa jibu. "Wale wana miungu watatu." "Mungu wao ana mke." "Hata hesabu hawajui, moja na moja na moja wanasema moja." Watu wanacheka, kahawa inamiminwa, na mada imekwisha. Msimamo wetu ni huu: maneno haya si utetezi wa Uislamu. Ni uvivu uliovishwa baibui. Itikadi ya Wakristo kuhusu Nabii Isa (A.S.) tunaikataa, yote, bila kubakisha. Lakini tunapaswa kukataa kile wanachokisema, si kile tulichowatungia sisi.

Wanasema nini hasa

Muulize Mkristo anayeijua dini yake: Mungu ni wangapi? Atakwambia mmoja. Hasemi hivyo kwa kukuogopa. Katika Injili ya Marko, sura ya 12, Isa anaulizwa amri iliyo kubwa kuliko zote, naye anaanza kwa kuwakumbusha Mayahudi kuwa Mola wao ni mmoja, maneno yaliyomo katika Taurati, Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Wakristo wanayasoma maneno hayo na wanayaamini.

Wanachoongeza ni kwamba huyo Mungu mmoja, mwenye dhati moja, yupo katika nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Wala hawasemi kuwa kila nafsi ni theluthi ya Mungu. Wanasema kila nafsi ni Mungu kamili, na Mungu bado ni mmoja. Kisha wanaongeza la pili, nalo ndilo zito zaidi: kwamba nafsi ya pili, yaani Mwana, ilitwaa mwili wa kibinadamu tumboni mwa Bibi Maryam, ikazaliwa, ikakua, ikafa. Hilo la pili wanaliita umwilisho, au Neno kufanyika mwili, na wanalitoa katika sura ya kwanza ya Injili ya Yohana.

Haya ndiyo wanayoyasema. Bibi Maryam hayumo katika Utatu wao. Surat Al-Maida, aya ya 116, inazungumzia watu kumfanya Isa na mama yake kuwa miungu, na sisi tunaiamini aya hiyo kama ilivyo. Lakini aya haisemi kuwa hiyo ndiyo tafsiri ya Utatu. Ukimwambia mavyaa kuwa Utatu wake ni Mungu, Maryam na Isa, atakuona hujui hata abjadi ya dini yake, na hatakusikiliza tena hata utakaposema la haki.

Neno "Mwana" na kejeli zake

Kejeli kubwa inayopigwa ni ya mke: kama Mungu ana mwana, basi mkewe nani? Kiswahili chetu chenyewe kinatusuta hapa. Mwanafunzi hakuzaliwa na funzo, mwanasheria hakuzaliwa na sheria, mwanamaji hakuzaliwa na bahari. Neno "mwana" linabeba mengi zaidi ya uzazi wa kitandani. Hakuna kanisa, si la Roma, si la Waanglikana wa Mkunazini, linalofundisha kuwa Mungu alikuwa na mke. Wakisikia hivyo wao pia wanasema astaghafirullahi kwa lugha yao. Surat Al-An'am, katika aya ya 100 na 101, inalitaja suala la mwenza, na inawajibu watu waliompachikia Mwenyezi Mungu wana na mabinti bila elimu. Kuichukua aya hiyo na kudai kuwa Wakristo wanamuoza Mungu ni kuwasingizia, na kusingizia ni haramu hata kwa asiyekuwa Muislamu.

Lakini pia tusiwape zaidi ya wanachodai. Wapo Wakristo watakaokwambia kwa upole, "Ah, mwanangu, ni lugha ya heshima tu, sote ni wana wa Mungu." Hapana. Ingekuwa ni heshima tu, tusingekuwa na ugomvi mkubwa. Mwaka 325 maaskofu walikusanyika Nicaea, katika Uturuki ya leo, kwa wito wa mfalme Constantine, kwa sababu kasisi mmoja wa Alexandria aitwaye Arius alifundisha kuwa Mwana ameumbwa na kwamba aliwahi kutokuwepo. Wakamhukumu. Wakaweka katika kanuni ya imani kuwa Mwana amezaliwa na Baba lakini hakuumbwa, na kwamba ana dhati moja na Baba. Kwa hivyo "Mwana" katika dini yao si uzazi wa kimwili wala si cheo cha heshima. Ni dai kwamba Isa, katika asili yake, si kiumbe.

Hapo ndipo tulipo na Surat Al-Ikhlas. Aya zake nne fupi, ambazo kila mmoja wetu alizihifadhi chuoni kabla ya kujua kusuka ukili, zinafunga milango yote: kuzaa, kuzaliwa, na kufananishwa. Hazihitaji msaada wa kejeli.

Hoja ya hesabu haifiki popote

Ukisema moja na moja na moja ni tatu, mwenzako atakwambia moja mara moja mara moja ni moja. Mtacheka, na kila mmoja atarudi kwake na alichokuja nacho. Mihadhara ya mlingano wa dini iliyoenea Tanzania tangu miaka ya 1980 imejaa mabishano ya namna hii, upande huu na upande ule, na majirani wengi wamebaki na hasira tu.

Hoja yetu ya kweli si ya vidole. Ni ya maana. Tumewasikia wakisema "nafsi tatu". Sasa kwa Kiswahili, nafsi ni nini? Anayesema "nafsi yangu" anasema "mimi". Nafsi ndiye yule anayejua, anayetaka, anayependa, anayesema na mwingine. Katika Injili zao Mwana anasali kwa Baba. Usiku wa kukamatwa kwake, katika Mathayo sura ya 26, anaomba kikombe kimuepuke, kisha anasalimu amri kwa matakwa ya Baba. Yupo anayeomba na yupo anayeombwa. Yupo anayetumwa na yupo anayetuma. Wakituambia kuwa wawili hawa si Mungu mmoja mwenye majina mawili bali ni nafsi mbili kweli, na kila mmoja ni Mungu kamili, basi ni juu yao kutuonyesha huo umoja uliobaki ni upi. Sisi hatukuwaambia ni miungu watatu. Tunawauliza kwa nini hawapaswi kuwa hivyo kwa maneno yao wenyewe.

Augustine, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo na mmoja wa wanachuoni wao wakubwa kabisa, alikiri katika kitabu chake juu ya Utatu kuwa neno "nafsi tatu" halitumiki kwa sababu linaeleza jambo lilivyo, bali ili watu wasilazimike kunyamaza. Tunamheshimu kwa ukweli huo. Lakini imani inayomtenganisha mtu na shahada yetu haiwezi kusimama juu ya neno lililowekwa ili kuziba ukimya.

Na jirani akikuletea mfano wa maji, barafu na mvuke, mwambie kwa adabu kuwa kanisa lake limeukataa zamani. Kusema kuwa Mungu ni mmoja anayejitokeza kwa sura tatu ndilo fundisho lililonasibishwa kwa Sabellius katika karne ya tatu, na kanisa likalihesabu kuwa uzushi. Si hoja ya kumshinda. Ni ya kumuonyesha kuwa mfano unaomfanya alale kwa raha haumo katika dini yake.

Ugomvi wenyewe uko kwenye umwilisho

Tukiwa wakweli, Utatu ungebaki mjadala wa wanachuoni kama si umwilisho. Hapa ndipo dini mbili zinapoachana njia.

Qur'ani inatujibia jambo hili kwa hoja ambayo mwanamke anaielewa kuliko yeyote. Surat Al-Maida, aya ya 75, inasema Masihi ni mtume, na mama yake ni mkweli mno, kisha inataja jambo moja dogo: wote wawili walikuwa wakila chakula. Basi. Sisi tunaoamka alfajiri kukanda unga, tunaojua mume akirudi na njaa anakuwaje, tunajua anayekula ni nani. Anayekula anahitaji. Asipokula anadhoofika. Asiyehitaji ndiye Mungu. Ndiyo maana ya As-Samad katika Surat Al-Ikhlas, Yule ambaye wote wanamhitaji naye hamhitaji yeyote.

Na Surat Maryam inatuonyesha binti aliyeshikwa na uchungu akaliegemea shina la mtende, akatamani angekuwa amekufa kabla ya hayo, akapewa maji na tende mbivu. Sisi tuliozaa tunajua mtoto anayetoka hapo ni nani. Hawezi kuinua shingo. Hajui kuwa mkono anaoutikisa ni wake. Asiponyonya, anakufa. Wakristo wanatuambia kuwa huyo, katika nafsi yake, ndiye aliyeumba mbingu. Mwaka 431, huko Efeso, maaskofu walimhukumu askofu mkuu wa Konstantinopoli, Nestorius, kwa sababu alisita kumwita Bibi Maryam "Mama wa Mungu". Kwa hivyo hatuwasingizii. Hili ndilo wanaloamini, na wamewatoa watu kanisani kwa kulikataa.

Wana jibu, na ni haki kulitoa. Mwaka 451, Kalkedoni, walisema Isa ni nafsi moja yenye maumbile mawili, la Mungu na la mtu, yasiyochanganyika wala kutengana. Kwa hivyo ukiwauliza, "Vipi Mungu alale? Vipi Mungu aone njaa?" watasema: alilala kwa umbile la kibinadamu. Ukiwatajia Marko sura ya 13, ambapo Isa anasema saa ya Kiyama haijui yeyote, wala malaika, wala Mwana, ila Baba, watasema: hakuijua kwa umbile la kibinadamu.

Jibu hili limewatosheleza wengi kwa karne nyingi. Lakini liangalie vizuri. Umbile halijui wala halisahau. Anayejua ni mwenye umbile. Jicho halioni, mwenye jicho ndiye anayeona. Na wao wenyewe wanasema mwenye umbile hapa ni mmoja tu, nafsi ya Mwana, ambaye ni Mungu. Basi ni nani hakuijua saa? Wakisema ni mtu Isa peke yake, wamempata mtu wa pili, na hilo ndilo walilomtuhumu nalo Nestorius. Wakisema ni Mwana, basi Mungu hakujua. Wakisema alijua na hakujua kwa wakati mmoja, wametuomba tukubali maneno mawili yanayopingana na tuyaite siri.

Sisi hatukatai siri. Mambo ya Mwenyezi Mungu ni makubwa kuliko akili zetu. Lakini jambo lililo juu ya akili ni tofauti na jambo linaloipinga akili, na mja haamriwi kuliamini la pili. Hata wao hawakukubaliana. Baada ya Kalkedoni, Wakopti wa Misri, Waarmenia, Wasiria na Wahabeshi walikataa kauli ile ya maumbile mawili na wamebaki mbali hadi leo. Mwaka 680 na 681, karibu miaka hamsini baada ya kufariki Mtume wetu (S.A.W.), walikuwa bado wamekaa Konstantinopoli wakiamua kama Isa alikuwa na utashi mmoja au miwili.

Watakapokuuliza juu ya "Neno"

Mkristo aliyesoma naye atakuwa na swali, na usilikimbie. Atakwambia: Qur'ani yenu, Surat An-Nisaa aya ya 171, inamwita Isa Neno la Mungu na Roho itokayo kwake. Je, Mungu aliwahi kuwa bila Neno lake? Kama hapana, Neno ni la milele, na Isa ndiye Neno. Swali hili ni la zamani. Yohana wa Damascus, aliyeishi chini ya utawala wa Bani Umayya na kufariki katikati ya karne ya nane, alilitumia dhidi yetu.

Jibu lake ni hili. Maneno ya Mwenyezi Mungu ni sifa yake, na sifa zake hazikuanza. Lakini Isa ameitwa Neno kwa kuwa amepatikana kwa neno, bila baba. Surat Al-Imran, aya ya 59, inamfananisha na Adam, aliyeumbwa kwa udongo kisha akaambiwa "Kuwa" akawa. Adam hakuwa na baba wala mama, na hakuna anayemwabudu.

Na akisema, "Basi nyinyi pia mna wingi ndani ya Mungu, mnasema ana elimu, uwezo na maneno," mwambie: sifa haimuombi mwenye sifa. Elimu ya Mungu haitumwi na uwezo wake. Rehema yake haisemi "mimi" mbele ya hasira yake. Nyinyi mmezifanya kuwa nafsi zinazopendana na kutumana. Hapo ndipo tulipoachana. Na ile aya ya 171 haikuishia kwenye Neno na Roho. Inaendelea kuwaonya wasiseme "watatu". Anayesoma nusu ya aya hajaisoma.

Je, Mungu alikuwa mbali?

Lipo jibu lao moja ambalo si la falsafa, nalo ndilo linalowagusa watu. Wanasema: Mungu alitupenda hata akashuka kuonja njaa yetu, machozi yetu na kifo chetu. Nyinyi Mungu wenu yuko juu tu.

Usilibeze neno hili. Mtu aliyefiwa, aliyeachwa, aliyepoteza mimba, anaweza kuvutwa nalo, na tumeona dada zetu wakikaa kimya wanapolisikia. Mjibu hivi: Mola wetu hakuhitaji kushuka ili awe karibu, kwa sababu hakuwahi kuwa mbali. Surat Qaf inatuambia yuko karibu nasi kuliko mshipa wa shingo. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alimuona mwanamke aliyetekwa akimtafuta mtoto, na kila mtoto aliyemkuta akamkumbatia na kumnyonyesha. Akawauliza masahaba kama mama huyu angeweza kumtupa mwanawe motoni. Wakasema hapana. Akawaambia Mwenyezi Mungu ana huruma kwa waja wake kuliko mama huyu kwa mwanawe.

Mama halazimiki kuugua homa ya mtoto wake ndipo akeshe naye. Anamjua, anamsikia, anamtaka. Basi vipi aliyeumba huruma ya mama?

Mfano wetu ni Umm Salama

Wapo watakaosema kujadili haya ni kazi ya mashekhe, mwanamke akae na jiko lake. Wasome kisa cha hijra ya Uhabeshi. Waislamu wa mwanzo, wanaume na wanawake, walikimbilia kwa mfalme Mkristo, Najashi. Makuraishi wakatuma watu wawarudishe. Jaafar bin Abi Talib akasoma mwanzo wa Surat Maryam, na mfalme akalia. Siku ya pili Makuraishi wakaja na mtego: muulize wanasema nini juu ya Isa. Maisha ya watu wote wale yalikuwa juu ya jibu moja. Jaafar angeweza kuficha. Angeweza pia kutukana. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema Isa ni mja wa Mungu, mtume wake, Roho itokayo kwake, na Neno alilompelekea Maryam, bikira aliyejitenga. Ukweli wote, bila tusi hata moja.

Na nani aliyetupokelea kisa hiki? Umm Salama (R.A.), mama wa waumini, aliyekuwa huko mwenyewe. Mwanamke mkimbizi, katika nchi ya watu, alisikiliza mjadala wa itikadi na kuuhifadhi hadi ukatufikia. Hapo hoja ya jiko imekwisha.

Na tutazame hapa hapa kwetu. Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya UMCA, iliyojenga kanisa la Mkunazini, alichapisha tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili mwaka 1923 ili wahubiri wake wajue wanajadiliana na nini. Hatukubaliani na maelezo yake. Lakini mtu huyo alikisoma kitabu chetu chote kabla ya kutujibu. Masheikh wetu nao hawakumjibu kwa kejeli; Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mwana wa Unguja, alitupa Qurani Takatifu, iliyotoka kamili mwaka 1969, na ipo katika nyumba zetu nyingi. Ipo, lakini imepangwa juu ya kabati pamoja na chetezo, na vumbi juu yake.

Tunachodai

Kwa bibi harusi: kama mchumba wako anasilimu, usiridhike na cheti. Kaa naye, mbele ya mahram wako, umuulize: ulikuwa unaamini nini juu ya Isa, na sasa unaamini nini? Anayetamka kuwa hapana Mola ila Allah bila kujua anaacha nini, ameacha jina tu. Siku ya msiba wa kwanza atarudi kwenye alichokijua utotoni, na hutashangaa wewe peke yako. Watoto watashangaa nawe.

Kwa makungwi na masomo: mnamfundisha mwari kujifukiza, kupamba kitanda, kuzungumza na mume. Hayo ni mazuri. Ongezeni siku moja ya Surat Maryam na tafsiri yake. Kwa masheikh wanaosilimisha: wiki moja haitoshi. Mpeni huyu kijana mwalimu, na mumuache aulize maswali yake bila kuonekana ana shaka.

Na kwa wewe unayekwenda kwa mavyaa Mkristo: msalimie vizuri, mbusu mkono, pika naye, muuguze akiugua. Surat Al-Ankabut, aya ya 46, imetuamrisha tusijadiliane na watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo nzuri zaidi. Akikuuliza unamuonaje Isa, mwambie: tunampenda, tunamuamini, alizaliwa na bikira, alifufua wafu kwa idhini ya Mola wake, na yeye ni mja. Usitikisike kwenye neno hilo la mwisho, na usimcheke kwa lile asiloliamini.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa, azibariki ndoa zetu, na awathibitishe watoto wetu juu ya tauhidi. Amin.

Wabillahi tawfiq.